Haut-Katanga: Trekta linalogonga halijafa, mkulima ajifunze kufungua motere yake

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zinapoanguka kati ya Lubumbashi na Kasenga, kila mwenye shamba la mahindi anahesabu siku. Udongo uliokauka kwa miezi mingi unalainika, mbegu zinatolewa katika depo, na trekta la zamani lililosimama chini ya muembe tangu mavuno linawashwa. Mara nyingi ndipo sauti inasikika kutoka chini ya motere: ko, ko, ko. Ni sauti nzito. Inapungua motere ikizunguka bure, inarudi kwa nguvu jembe linapoingia udongoni. Na mshale wa presha ya mafuta, kama bado unafanya kazi, unashuka karibu na sifuri motere ikisha kupata moto.

Hapo wenye matrekta wengi wanachagua kati ya njia mbili. Wa kwanza anasema "itamaliza tu hizi hekta tano", anaendelea kulima, na siku ya tatu bieli inakatika na kutoboa ubavu wa motere. Wa pili anasema trekta limekufa, analiacha pale pale, majani yanaota kati ya magurudumu, na watoto wanaligeuza mchezo. Wote wawili wamepoteza msimu. Na wote wawili wamepoteza kitu ambacho kingeweza kupona kwa siku chache za kazi na kwa vipande vidogo vya chuma vinavyoingia katika mfuko wa koti.

Vipande hivyo mafundi wa Kongo wanaviita kusine. Kuvibadilisha si uchawi wala si siri ya garaje kubwa za mjini. Ni kazi ambayo mkulima mwenye akili iliyotulia, vyombo vya kupimia na uvumilivu anaweza kuifanya mwenyewe, chini ya kibanda chake. Inchi inayotaka kujilisha haina budi kumfundisha kazi hiyo, kabla hata ya kumpa trekta jipya.

Kinachopotea trekta likisimama

Wakaaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawahitaji kuelezwa maana ya unga. Sehemu kubwa ya mahindi na unga unaoliwa katika miji hiyo inapita Kasumbalesa ikitoka Zambia na inchi nyingine za kusini. Zambia ilipobana uuzaji wa mahindi nje, kama ilivyotokea mwaka 2022 na 2023, bei ya mfuko wa kilo 25 iliruka na bukari ikawa ngumu kupatikana katika nyumba nyingi. Mwanzoni mwa 2024, Zambia yenyewe ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Jirani akikosa mvua, chungu cha Lubumbashi kinapoa.

Rais Félix Tshisekedi amerudia mara nyingi kwamba wakati umefika udongo wa juu ulipize kisasi juu ya utajiri wa chini ya ardhi. Maneno hayo ni mazuri, lakini udongo wa juu haulimwi kwa maneno. Katika Haut-Katanga mahindi yanataka kupandwa mara mvua zinapotulia, kati ya katikati ya Novemba na mwezi wa Desemba. Anayechelewa wiki tatu anavuna kidogo, na anayechelewa zaidi anabaki na mabua. Kwa hiyo trekta likisimama tarehe 20 Novemba, hasara ya mkulima ni kubwa kuliko bei ya matengenezo. Amepoteza mwaka mzima, pamoja na pesa za shule za mwaka unaofuata.

Tena hasara hiyo haiishii kwa mwenye trekta peke yake. Trekta moja kijijini linalimia majirani kumi au kumi na tano, kila mmoja akilipa kwa hekta. Likinyamaza, wote wanarudi kwa jembe la mkono, na jembe la mkono halimalizi hekta nne kabla mvua haijawa nyingi. Mama mjane aliyekuwa amelipa nusu ya bei mbele anaambiwa angoje. Anangoja, na shamba lake linabaki pori.

Kusine ni kitu gani

Chukua mfano wa Massey Ferguson 135, trekta ambalo wakulima wa kusini na mashariki mwa Afrika wanalijua kama wanavyojua baiskeli. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, na yale ya mazuti yalipewa motere ya Perkins yenye silinda tatu, ya lita 2.5 hivi. Umri wake ni mkubwa, lakini motere ya familia hiyo iliendelea kutengenezwa na kufungwa katika matrekta ya viwanda vya inchi nyingine, kama vile India na Pakistan. Ndiyo sababu piesi zake bado zinapatikana, wakati matrekta mengi mapya zaidi yamekwisha kukosa piesi.

Ndani ya motere hiyo, pisto tatu zinasukuma bieli tatu, na bieli zinazungusha vilebreke, ule mhimili mzito wenye mikunjo unaopeleka nguvu nyuma kwenye magurudumu. Chuma cha bieli hakigusani na chuma cha vilebreke. Kati yao kuna kusine: vibati viwili vilivyopinda kama nusu duara, mgongo wa chuma kigumu, tumbo la madini laini. Mahali vilebreke yenyewe inaposhikwa na bloku kuna kusine nyingine, kubwa zaidi.

Hata hizo kusine hazipaswi kugusana na vilebreke motere ikizunguka. Pompi inaleta mafuta kwa nguvu, nayo yanafanya utando mwembamba sana, wa sehemu chache za mia za milimita, na vilebreke inaelea juu ya utando huo. Madini ya kusine yamefanywa laini makusudi. Uchafu ukiingia, unazama katika kusine badala ya kukwaruza vilebreke. Mafuta yakikosekana, kusine ndiyo inayoliwa kwanza. Ni kipande kilichotengenezwa ili kife mahali pa kingine. Mwenye trekta anayekibadilisha kwa wakati anaiokoa vilebreke. Anayengoja atanunua vilebreke, na pengine motere nzima.

Dalili zinakuja mapema. Presha ya mafuta inashuka motere ikiwa na moto na ikizunguka polepole. Kuna chembe zinazong'aa katika mafuta yanayomwagwa siku ya vidanje, au ndani ya filta ikikatwa na kufunguliwa. Kisha unakuja ule mgongo wa ko, ko, ko chini ya mzigo. Lakini mkulima mwenye busara hakimbilii kufungua motere siku hiyo hiyo. Kwanza anafunga kipimo kingine cha presha, kwa sababu vipimo vya matrekta ya zamani vinadanganya. Anapima pia mafuta kwa kidole na kwa pua. Kiwambo cha pompi ndogo inayovuta mazuti kikitoboka, mazuti yanaingia katika mafuta ya motere, yanayafanya mepesi kama maji, na presha inashuka. Hapo ugonjwa ni pompi ya mazuti. Lakini ikiachwa hivyo, itazila kusine zote.

Kazi yenyewe, na hatari yake

Jambo la kwanza ni uzito. Lori lina chasi inayobeba motere. Matrekta ya aina ya MF 135 hayana chasi ya namna hiyo: motere yenyewe ndiyo mgongo wa trekta. Nyuma imeshikana na giaboksi, mbele imeshika kile kipande kizito kinachobeba ekseli. Karteri, lile bakuli la mafuta chini ya motere, si bati jepesi kama la gari dogo; ni chuma kizito cha kuyeyushwa, na mwanamume mmoja aliyelala chini yake hawezi kulipokea kwa mikono bila kuumia. Kabla ya kulegeza nati yoyote, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au miti pande zote mbili. Kabari za mti mgumu zipigwe kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake ili motere isilale upande mmoja. Na magogo yaliyokatwa sawa, au vyuma imara, viwekwe chini ya giaboksi. Kriki peke yake haitoshi hata kidogo. Kriki ni ya kuinua. Ya kubeba ni magogo.

Mafuta yanamwagwa motere ikiwa bado na moto kidogo, ili uchafu utoke nayo. Karteri inashushwa. Hapo ndipo mtu anaona tumbo la motere, na hapo ndipo utulivu unaanza kulipa. Kila bieli ina kofia yake iliyofungwa kwa bulo mbili. Kofia na bieli vilichongwa pamoja kiwandani, kwa hiyo havibadilishani wala havigeuzwi. Namba zimepigwa pembeni. Kama zimefutika, fundi anaweka alama yake kabla ya kufungua. Zinafunguliwa moja moja. Ya kwanza ikirudi mahali pake, ndipo ya pili inafunguliwa. Mtu akizifungua zote tatu na kuzitupa katika ndoo moja amejitengenezea msiba.

Kusine ya zamani inasema mengi. Ikiwa imeliwa sawasawa, umri ndio uliomaliza kazi. Ikiwa na mikwaruzo, filta haikubadilishwa kwa muda mrefu au vumbi liliingia. Ikiwa imebanduka, ina rangi nyeusi na imeyeyuka, mafuta yalikosekana. Mgongoni mwake kuna namba na alama ya saizi. Ikiandikwa kwamba ni ya kawaida, vilebreke haijawahi kusagwa. Ikiwa na alama ya 010, 020 au 030, maana yake vilebreke ilikwisha kusagwa na kupunguzwa kwa sehemu hizo za elfu za inchi, na kusine mpya inapaswa kuwa ya saizi hiyo hiyo. Mkulima anayekwenda Lubumbashi au ng'ambo ya Kasumbalesa kununua piesi bila kubeba kusine ya zamani na namba ya motere anajitafutia safari ya pili.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayotofautisha matengenezo na bahati nasibu: kupima. Ukucha ukipita juu ya shingo ya vilebreke na kunasa, kuna mikwaruzo. Lakini ukucha hauwezi kuona kama shingo imepoteza uduara wake. Kwa hilo inatakiwa mikrometa, ambayo mafundi wengi wanaiita palmeri. Shingo inapimwa mahali kadhaa, juu na chini, kushoto na kulia. Namba zikitofautiana kupita kile kitabu cha motere kinachoruhusu, kusine mpya itakufa upesi kama ya zamani. Vilebreke lazima itolewe na kupelekwa kwa turneri mwenye mashine ya kusaga, kisha zinunuliwe kusine za saizi inayofuata.

Hapo ndipo mpaka wa kazi ya kujifanyia. Mkulima anaweza kushusha karteri. Anaweza kubadili kusine za bieli na, katika motere kadhaa, hata zile kubwa za vilebreke, kwa kuteleza nusu ya juu taratibu bila kutoa mhimili wote. Anaweza kusafisha chujio la pompi ya mafuta na kukagua kama pompi yenyewe imechoka. Hawezi kusaga vilebreke kwa tupa. Anayejua mpaka huo ni fundi tayari, hata kama hakuenda shule ya mekanika.

Kufunga kunataka usafi kama wa chumba cha kujifungulia. Mgongo wa kusine unakaa mkavu na safi. Tumbo lake linapakwa mafuta safi. Kile kiulimi kidogo cha pembeni kinaingia katika pengo lake. Bulo zinakazwa kwa hatua, kwa kle inayopima nguvu ya kukaza, hadi kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha motere ile ile. Kiasi hicho hakikisiwi na hakichukuliwi katika motere nyingine. Kila baada ya kufunga kofia moja, vilebreke inazungushwa kwa mkono. Ikikataa kuzunguka, kuna kosa, na kosa linatafutwa kabla ya kuendelea. Siku ya kuwasha, kamba ya kuzimia inavutwa ili mazuti yasiingie, na starta inazungusha motere kwa vipindi vifupi hadi presha ya mafuta ionekane. Baada ya hapo motere inaachiliwa. Saa za kwanza ni za kazi nyepesi, na vidanje ya kwanza inafanywa mapema.

Adui mkubwa ni kubahatisha

Wapo watakaosema: kazi hii iachiwe mafundi. Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyelala chini ya tani moja na nusu ya chuma bila maarifa anaweza kufa, na motere iliyofungwa vibaya inakufa kwa dakika chache. Lakini swali linarudi: fundi yupi, na yuko wapi? Kutoka Mitwaba au Pweto hadi garaje inayojua motere ya Perkins ni safari ya siku nzima au zaidi, barabara ikiwa mbovu, na fundi anayekubali kuja anadai usafiri, chakula, malazi na malipo ya mbele. Tena huja wakati anapotaka yeye, si wakati mvua inapotaka.

Na si kila anayejiita fundi anapima. Vijiji vingi vinajua dawa za haraka: kipande cha bati la kopo au karatasi ngumu kinawekwa nyuma ya kusine ya zamani ili ibane, kofia ya bieli inapigwa tupa ili ikaze, mafuta mazito kupita kiasi yanamiminwa ili sauti ifunikwe. "Papa, usihofu, itatembea tu," anaambiwa mwenye trekta. Kweli, inatembea. Inatembea wiki mbili. Bati linahama, linaziba tundu la mafuta, na bieli inaungua. Kofia iliyopigwa tupa imepoteza uduara wake milele. Hata kusine mpya haitakaa tena ndani yake.

Sokoni kuna shida nyingine: piesi za bandia. Sanduku linang'aa, jina limeandikwa vizuri, lakini kusine ya ndani ni nyepesi, haina namba mgongoni au ina namba isiyolingana na sanduku. Mkulima asiyejua kusine ni nini atanunua sanduku. Yule aliyewahi kushika ya zamani mkononi na kuipima ataangalia kipande. Mlinzi wa kwanza wa mnunuzi ni maarifa yake, kabla ya ofisi yoyote ya kukagua bidhaa.

Kwa hiyo shabaha ya mkulima anayejifunza si kuwafukuza mafundi. Ni kuwa na macho. Mwenye trekta aliyefungua karteri hata mara moja maishani mwake hadanganywi kirahisi na fundi, na fundi mzuri anafurahi kufanya kazi na mtu wa namna hiyo.

Maarifa yapo, lakini yanazeeka

Katanga si mahali pa kulalamika kwamba watu hawajui chuma. Union Minière na baadaye Gécamines walifundisha vizazi vya mafundi: waajusta, waturneri, wachomeleaji, watu waliotengeneza pompi, lori na mashine nzito huko Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Uzalishaji wa Gécamines ulipoanguka katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Wengi wao walikuwa na mikono inayojua kusoma mikrometa gizani.

Wazee hao leo wanakaa barazani. Baadhi wanatengeneza mashine za kusaga mahindi kwa pesa ndogo. Wengine wamekwisha kuzikwa, na maarifa yao yamezikwa nao. Kila mwaka unaopita bila mzee wa namna hiyo kukaa na vijana watano wa ushirika wa wakulima, mbele ya motere moja iliyofunguliwa, ni mwaka ambao jimbo linatupa mali iliyokwisha kulipiwa. Kumlipa mzee mmoja kwa majuma mawili ya kufundisha kungegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya trekta jipya.

Lakini kila mara kilimo kinapozungumzwa, jibu la wakubwa ni lile lile: matrekta mapya. Yanafika yamepakwa rangi, yanapangwa mstari mmoja, liwali anakata utepe, picha zinapigwa, funguo zinagawanywa. Misimu michache baadaye sehemu yake imesimama kwa kukosa filta, tairi au mtu wa kuyafungua. Historia ilikwisha kufundisha somo hilo. Mobutu alipotangaza zairianisation tarehe 30 Novemba 1973, mashamba na mashine za wageni zilipewa wenye nyadhifa ambao wengi wao hawakujua kuzitunza, na mashamba mengi yakaanguka. Hifadhi ya kilimo ya Bukanga-Lonzo, iliyozinduliwa mwaka 2014 kwa mashine nyingi na ahadi nyingi, nayo ilisimama baada ya miaka michache. Sababu za maanguko hayo ni nyingi, na nyingine zilifika mahakamani. Lakini yote yanaonyesha jambo moja: mashine isiyo na mtu wa kuitunza ni deni lililovaa rangi.

Kinachopaswa kufanywa

Serikali ya jimbo na wafadhili wa kilimo wanaweza kuanza na mambo madogo yasiyohitaji sherehe. Kila trekta linalotolewa, jipya au la zamani, lifuatane na kitabu chake cha matengenezo katika Kiswahili cha hapa, chenye vipimo na picha. Kitabu cha Kiingereza kinachofungiwa ofisini hakimsaidii mtu. Kila trekta liwe na watu wawili waliofundishwa, na mmoja wao asiwe dereva, ili maarifa yasiondoke siku dereva anapoitwa katika machimbo ya shaba. Katika watu hao wanawake wasisahauliwe. Mashamba mengi yanabebwa na wao, na kusoma mikrometa hakutaki nguvu za mabega.

Shule za ufundi za jimbo zina vijana wanaomaliza mekanika bila kuwahi kufungua motere nzima, kwa sababu shule haina motere. Wakati huo huo matrekta yaliyokufa yamelala mashambani. Kuyaleta yale yaliyoachwa katika karakana za shule, vijana wakajifunza juu yake na mengine yakarudi kazini, si ndoto. Ni suala la kukodi lori.

Vyama vya ushirika navyo visingoje Kinshasa. Mkulima mmoja hawezi kununua kle ya kupima nguvu ya kukaza, mikrometa na kipimo cha presha kwa kazi ya mara moja katika miaka mingi. Lakini wakulima ishirini wanaweza, na sanduku moja la vyombo likitunzwa na mtu mwaminifu linaweza kuhudumia eneo zima. Wanunue pia filta na mafuta mazuri kwa pamoja. Kusine haiuawi na uzee kama inavyouawa na mafuta meusi ya miaka mitatu. Vidanje inayofanywa kwa wakati ndiyo matengenezo ya bei ndogo kuliko yote, na hayataki hata kulala chini ya trekta.

Na mkulima mwenyewe abadilishe kalenda yake. Motere haifunguliwi mwezi wa Novemba, majirani wakiwa wamepanga mstari na mvua ikinyesha juu ya mgongo. Inafunguliwa mwezi wa sita au wa saba, kiangazi, mavuno yakiwa yameingia na pesa kidogo ikiwa bado mfukoni. Wakati huo kuna nafasi ya kupima, ya kutuma vilebreke kwa turneri kama inahitajika, ya kurudisha piesi isiyolingana. Fundi wa mjini naye hana haraka, na bei yake si ile ya dharura. Aliyesikia ko, ko mwezi wa nne akangoja hadi wa kumi na moja amechagua mwenyewe kuchelewa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kujisumbua juu ya trekta la miaka hamsini. Jibu ni kwamba ndilo lililopo. Halina kompyuta, halimngoji mtaalamu kutoka nje, piesi zake zinapatikana, na kila ugonjwa wake unaweza kuonekana kwa macho, kusikika kwa masikio na kupimwa kwa mkono. Ni shule ya mekanika iliyosimama shambani, inalima na kufundisha.

Siku trekta lile chini ya muembe litakapowashwa tena, mshale wa presha ukapanda na kukaa mahali pake hata motere ikiwa na moto, majirani watasikia tofauti kabla ya kuambiwa. Hakutakuwa na utepe wa kukata. Kutakuwa na jembe linaloingia udongoni, na yule mama mjane akiitwa: shamba lako ni la kesho asubuhi.